Kusukuma Ruksa, Kubeba Hapana

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza tena. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msisome mkisubiri mahali ambapo mimi Mbwambo nitashika mdomo. Nimesukuma na kubeba watu wa viti vya magurudumu katika jiji hili la Toronto kwa muda mrefu kuliko baadhi yenu mlivyokaa duniani. Nimebeba jaji, nimebeba bibi harusi na shela lake, nimebeba mzee mwenye kasuku begani na yule kasuku akanitukana kwa Kireno njia nzima. Nilianza na mikono miwili na cheti cha darasa la saba kutoka Same, ambacho hapa hakuna mtu aliyewahi kukiuliza. Nimemaliza na magari matatu yenye lifti, ambayo sasa mnayaendesha nyinyi. Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau hata moja. Ni bega la kushoto tu lililogoma, na kuandika natumia mkono wa kulia.

Vyeo hamtavikuta humu. Sikuwa na bosi wa kunipandisha, na yule niliyekuwa naye mwanzoni hakujua jina langu.

Kazi ya kwanza niliipata uwanja wa ndege, kusukuma abiria wanaoomba kiti. Nilikuwa nakaa mtaa wa Dixon, vijana watano kwenye chumba kimoja na sebule, karibu na uwanja kiasi kwamba ndege ikipita vikombe vinagongana kabatini. Siku ya kwanza nikapewa fulana ya njano, redio ya mkononi isiyosikika, na karatasi yenye jina la abiria: bibi mmoja kutoka Bukoba aliyekuja kumwona mwanawe. Nikamkuta mlangoni mwa ndege ameshakaa kwenye kiti, kajitanda kanga mbili juu ya koti. Nikamsukuma vizuri, uhamiaji tukapita, mizigo tukachukua, mpaka kwenye gari la mwanawe. Pale nikataka kuonyesha kwamba mimi si mtu wa mchezo. Nikainama, nikambeba juujuu, nikamweka kwenye siti. Akanizaba kofi.

"Nani amekwambia mimi sitembei?"

"Bibi, si umekuja na kiti?"

"Kiti nimeomba kwa sababu sijui Kiingereza! Ningepotea humo ndani ungekuja kunitafuta wewe?"

Akashuka garini, akalizunguka mzima mzima, akapanda tena mwenyewe, akafunga mlango. Ndiyo siku niliyojua kwamba wazee wetu wengi huomba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mtu anayekisukuma. Kiti kinakuja na mwenyeji. Ni akili nzuri sana, na hakuna shirika la ndege ambalo limeshaigundua, kwa hiyo msiseme ovyo.

Aliyeliona lile kofi ni Mzee Warsame, Msomali aliyekulia Mombasa, msukuma viti wa zamani kuliko wote pale. Alicheka hadi akashika ukuta. Alipomaliza akaniita pembeni.

"Wewe kijana wa bara, kwani wabeba gunia? Mtu huulizwa."

"Nimuulize nini, mzee?"

"Wamuuliza, nikusaidieje? Kisha wanyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo penye kazi."

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu. Kubeba kwa mapaja, siyo kwa mgongo. Kuuliza upande upi una nguvu na kusimama upande huo. Kufunga breki zote mbili na kuzitikisa kwa mkono hata kama umeziona zimefungwa. Kutomvuta mtu kwapani, kwa sababu bega la mtu mzima linachomoka kirahisi kuliko mnavyodhani. Somo la kubeba nililishika wiki ileile, na ndani ya mwaka mmoja hakuna aliyenifikia pale uwanjani, hata wale wakubwa waliokuwa wakienda kunyanyua vyuma jioni. Somo la kunyamaza lilikawia kidogo.

Nilipochoka na ile fulana ya njano nikanunua gari langu la kwanza, bovu, lenye lifti ya nyuma inayolia kama mbuzi. Hapa naandika ya kiufundi, someni polepole. Adui wa lifti mjini hapa ni chumvi. Wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu kana kwamba wanakaanga mji, na chumvi hiyo inaingia kwenye bawaba za lifti na kuzila. Kila Jumamosi, lifti ishushwe, ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe, ipakwe grisi. Mikanda ya kufungia kiti ni minne, miwili mbele na miwili nyuma. Ukishafunga, kishike kiti na ukivute kwa hasira. Kikisogea hata kidogo, anza upya. Abiria atasema haina haja, amechelewa. Mwache aseme.

Kesi iliyonipa jina ilitokea Dixon hukohuko. Kulikuwa na baba mmoja mnene sana, anayepelekwa hospitali kusafishwa damu, na lifti za jengo lao zikafa zote mbili siku moja. Wasimamizi wakasema fundi anakuja kesho. Damu ya mtu haisubiri fundi. Nikashuka chini, nikasimama mbele ya duka la chai, nikaita vijana sita kwa sauti. Tukamshusha na kiti chake ngazi zote, tunapumzika kila ghorofa, akina mama wanafungua milango na kutupa maji na sambusa. Tulipofika chini watu wakapiga makofi. Yule baba akaniambia, "Mbwambo, wewe ni winchi." Kuanzia hapo simu yangu haikunyamaza.

Kwenye kesi kama hizo nikajitungia kanuni moja ya kazi, na niwaambie ukweli, ilinifikisha mbali. Usipige simu kabla. Ukipiga simu ukumbini ukauliza kama kuna njia ya kiti cha magurudumu, unampa mtu nafasi ya kufikiri, na akifikiri atasema hakuna. Lakini ukitokea mlangoni na bibi mzaa bwana harusi, amevaa hereni zake, nani atamwambia arudi nyumbani? Watu wenye suti wanatoka mbio, wanashika kiti huku na huku, bibi anaingia. Nimefanya hivyo kwenye kumbi za harusi North York, makanisani, kwenye mahafali, hata kwenye meli ya kitalii ya pale ziwani. Sikuwahi kukataliwa. Nyumbani tunasema tutaongea hukohuko, na hukohuko huwa kuna watu, na watu wana mikono.

Sasa nije kwa Bi Gulshan.

Bi Gulshan alizaliwa Mwanza, Mhindi wa Ismailia, baba yake alikuwa na kinu cha pamba. Polio ilimpata akiwa mdogo, miguu ikakataa. Hapa Toronto alikuwa mhasibu hadi alipostaafu, na mimi nilikuwa nampeleka kila Ijumaa jioni jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, akinisahihisha garini kama mwalimu. Alikaa na kaka yake, Bwana Sadru, mzee mwembamba, mstaafu wa duka la viatu, anayevaa tai hata akienda kununua mkate.

Ijumaa moja akaniambia, "Mbwambo, wewe ni mtu wa milimani?"

"Upareni, Bi Gulshan. Milima mitupu."

"Nataka kwenda mlimani. Nimeona kwenye televisheni. Huko Uswisi, kwenye milima ya Alpi, treni inapanda mpaka kwenye barafu na mtu wa kiti anashuka juu kabisa."

"Tunakwenda," nikasema.

"Subiri, hujasikia sharti. Mimi katika maisha yangu nimepanda kila mahali. Shuleni nilipanda mgongoni kwa Sadru. Jamatkhana ya Mwanza nilipanda mgongoni kwa Sadru. Siku ya cheti changu, wapagazi wawili wa baba walinipandisha jukwaani kama robota la pamba. Unajua mtu anayebebwa mgongoni anaona nini? Kisogo. Kila mahali nilipofika, nilifika natazama kisogo cha mtu. Sasa nataka kufika mahali pa juu nikiwa natazama mbele. Kusukuma ruksa, kubeba hapana. Hata mara moja. Unaweza?"

Bwana Sadru alikuwa kiti cha mbele, anatazama dirishani. Nikamjibu yeye na dada yake pamoja.

"Mbwambo anaulizwa kama anaweza? Naweza."

Nilijiandaa kama inavyotakiwa. Nilipima kiti chake kwa futi, upana, urefu, kimo cha magoti. Nilimtengenezea ubao wa kuhamia, mbao laini niliyoipiga msasa mwenyewe hadi ikang'aa, ili akitoka kwenye kiti chake kwenda kwenye siti ya ndege ateleze juu yake kwa mikono yake, bila mtu kumgusa. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wengi wenu. Nina rafiki wa Usangi aliyeoa Zurich. Nikamwagiza akaitazame ile treni kwa macho yake, akanitumia picha: sakafu ya behewa na jukwaa la stesheni viko sawa kabisa, kuna kaupenyo tu katikati panapowekwa kibati cha kuvukia. Akaniandikia, "Kaka, ila wanasema upige simu siku moja kabla." Nikamjibu asante.

Tukaondoka watatu. Ndege haikuwa na tatizo. Kwenye ule ubao Bi Gulshan aliteleza kama amezaliwa juu yake, wahudumu wakabaki wameshika mikono hewani. Siku za kwanza tulizunguka mjini kule chini, tukala chakula kisicho na pilipili. Mlima tukaupangia siku moja kabla ya ndege ya kurudi.

Reli za kule ni za meno. Katikati ya reli mbili kuna ya tatu yenye meno, na chini ya treni kuna gurudumu lenye meno linalouma meno ya reli, kama mnyororo wa baiskeli, ndiyo maana treni inapanda mahali ambapo Upareni tungepandisha mbuzi tu. Kipande cha kwanza kilikwenda vizuri sana. Sakafu sawa, kibati, Bi Gulshan akaingia kwa mikono yake, akakaa dirishani. Misonobari ikawa inapita chini yetu. Bwana Sadru alifungua kifungo cha shati, kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona.

Stesheni ya kati unabadilisha treni. Tukashuka. Na pale kwenye jukwaa la juu kulikuwa kumesimama treni nyekundu, ya zamani, nzuri sana kwa kupiga picha, yenye ngazi tatu za chuma mlangoni.

Kondakta alikuwa mzee mwenye sharubu, mpole. Akaniuliza kwa Kiingereza kama tulipiga simu. Nikamwambia tumekuja wenyewe.

"Behewa la sakafu ya chini tunaliunganisha mtu akiagiza," akasema. "Leo hakuna aliyeagiza. Na hii ndiyo ya mwisho kupanda leo. Lakini msiwe na wasiwasi."

Akapiga mbinja. Wakatoka mafundi wawili wa reli, mabega kama milango. Mtalii mmoja kijana naye akaja bila kuitwa, kaweka begi chini. Na kondakta mwenyewe akavaa glovu. Wanne. Kanuni yangu ilikuwa imefanya kazi Uswisi kama inavyofanya North York, labda kwa haraka zaidi. Walitaka kumbeba kwa moyo mmoja kabisa.

Bi Gulshan akafunga breki zake.

"Hapana, asanteni," akasema.

Wakadhani ni adabu. Wakasogea. Akarudia, na safari hii wakasimama.

Ndipo Bwana Sadru akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwa mzee wa umri ule. Alivua koti, akampa fundi mmoja alishike, akamgeuzia dada yake mgongo na kuchuchumaa mbele ya kiti, mikono nyuma.

"Gulu, panda. Ngazi tatu tu. Kama zamani."

"Inuka, Sadru, utavunjika kiuno."

"Ngazi tatu!"

"Ziwe tatu au mia, nitakuwa natazama kisogo chako. Nakijua. Nilikijua kikiwa na nywele."

Mtalii hakuelewa lugha lakini alicheka. Bwana Sadru hakucheka. Alibaki amechuchumaa, na kwa sauti ndogo akasema, "Mimi niliwahi kukuangusha?"

"Hujawahi."

"Niliwahi kulalamika?"

"Hujawahi, Sadru. Wewe ulikuwa unapanda. Mimi nilikuwa napandishwa. Inuka basi, watu wanatutazama."

Akainuka kwa shida. Aliponikuta nimesimama pale, hasira yote ikapata pa kwenda.

"Wewe! Si unajiita mtaalamu? Simu moja tu! Kwa nini hukupiga?"

"Bwana Sadru, mimi katika kazi hii sijawahi kupiga simu."

"Basi matokeo yake ndiyo haya!"

Bi Gulshan hakupandisha sauti. "Mbwambo," akasema, "ulisema unaweza."

"Nilisema."

Sasa nawaambia nyinyi wa kazi hii, kwa sababu mtu mwingine hawezi kuelewa. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Bega lilikuwa bado zima wakati ule. Kile kiti na yeye ndani yake ningekipandisha peke yangu, bila wale wanne, na treni ingeondoka kwa saa yake, na jioni tungekuwa hotelini na picha za barafu. Ngazi tatu, mimi niliyeshusha mtu mnene ghorofa zote za Dixon. Kondakta akatazama saa yake. Bi Gulshan akanitazama mimi. Hakusema lolote zaidi, kazi ya kunyamaza alikuwa anaifanya yeye.

Nikatia mikono mfukoni. Nikamwambia kondakta, "Nendeni. Sisi tutapanda kesho."

"Kesho tuna ndege!" Bwana Sadru akapiga kelele.

"Itaondoka."

"Na nani atalipa? Mimi silipi! Silipi hata faranga moja kwa sababu ya mtu asiyependa kupiga simu!"

"Hujaambiwa ulipe. Nalipa mimi."

Treni nyekundu ikapanda bila sisi. Mafundi walirudi kwenye kazi yao wakitugeukia mara kwa mara, kama watu walionyimwa kitu. Pembeni ya stesheni kulikuwa na hoteli moja tu, ya mbao, maua madirishani, na hoteli ikiwa moja mlimani bei inajipangia yenyewe. Chumba cha mtu wa kiti kilikuwa kimoja, kizuri, bafu halina kizingiti. Mimi na Bwana Sadru tukachukua kingine. Nikamwomba dada wa mapokezi anipigie simu watu wa reli. Hiyo ndiyo simu yangu ya kwanza ya kuagiza katika maisha ya kazi. Alizungumza kidogo, akaandika, akasema sawa, behewa litakuwepo. Nikasubiri nisikie kuna nini kingine. Hakukuwa na kingine.

Asubuhi tukatoka. Behewa lilikuwepo, jipya, mlango mpana, sakafu ya chini. Ila jukwaa la juu halikuwa sawa na sakafu ya behewa kama lile la kwanza, lile la kwenye picha ya rafiki yangu. Lilikuwa chini kidogo, kwa hiyo kondakta, yuleyule wa sharubu, akatandika kibati kirefu chenye mteremko. Na usiku ule kulikuwa na baridi. Umande ulikuwa umeganda juu ya bati, huwezi kuuona, unauona pale unapoinamisha kichwa.

Nikaja nyuma ya kiti kusukuma. Bi Gulshan akainua mkono.

"Hapa hata kusukuma, hapana. Niachieni."

Akachukua mwendo, akaingia kwenye kibati. Magurudumu ya mbele yakapanda, ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Kiti kikasimama, kikaanza kurudi, kikipinda upande wa reli. Bwana Sadru aliruka. Mikono yake miwili ilikuwa imeshafika karibu na kwapa za dada yake nilipomdaka kwa mikono ya koti nikamshikilia. Alinipiga teke la ugoko, na kiatu chake kilikuwa kizuri. Kondakta naye akasogea, nikamwambia, "Subiri!" kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ikirudi kutoka mlimani.

Bi Gulshan aliyakamata magurudumu, akajizuia mwenyewe, akarudi jukwaani taratibu, akafunga breki. Alikuwa anahema. Kisha akageuza shingo.

"Mbwambo. Chumvi."

Mkazi wa Toronto yeyote angekumbuka, mimi zaidi ya wote. Nilikimbia mpaka kwenye mgahawa wa stesheni, nikapita meza hadi meza nikikusanya vichupa vya chumvi, viwili viwili, yule mama wa mgahawa anapiga kelele kwa Kijerumani nyuma yangu. Nikarudi nikamwaga chumvi ya mezani kwenye kile kibati, kuanzia juu hadi chini, natikisa kama ninaunga mchuzi. Kondakta alicheka mpaka sharubu zikatetemeka. Akamwinulia mkono dereva wa treni kwamba asubiri. Treni ya Uswisi ikasubiri chumvi ikolee.

Barafu ikalia kidogokidogo, ikawa maji. Bi Gulshan akapangusa glovu zake kwenye koti, akafungua breki. Safari hii hakuja kwa kasi. Alikuja polepole, msukumo mmoja, anashikilia, msukumo mmoja, anashikilia. Mimi bado nilikuwa nimemshika Bwana Sadru, ingawa alikuwa ameacha kupigana. Gurudumu la nyuma likapita kizingiti cha mlango. Akaingia ndani, akageuza kiti mwenyewe, akatuangalia sisi tuliobaki jukwaani.

"Nyinyi hamji?"

Kule juu kabisa ilikuwa sakafu sawa hadi kwenye kibaraza cha nje. Alitoka mwenyewe mpaka ukutani mwa kibaraza. Mbele yake palikuwa na barafu, na baada ya barafu milima mingine, na hapakuwa na mtu yeyote katikati. Mimi milima si kitu kigeni kwangu. Nilisimama pembeni, siyo mbele. Bwana Sadru hakujua aiweke wapi mikono yake, akawa anaitia mfukoni na kuitoa. Dada yake akamwona, akamkabidhi mkoba wake aushike. Akaushika kwa mikono yote miwili.

"Unaona nini, Gulu?"

"Naona mbele," akasema. Akatazama, na akaendelea kutazama. Halafu akajifunga skafu vizuri. "Baridi. Chai iko wapi?"

Chai ilikuwa maji ya moto na kamfuko, na maziwa kwenye kikopo kidogo kama kofia ya chupa. Mlima mkubwa namna ile. Tukanywa, tukashuka kwa behewa lilelile, kibati kikiwa kimekauka.

Wakati tumepanga foleni uwanja wa ndege kununua tiketi mpya, Bwana Sadru akanivuta pembeni na kutoa pochi. Alikuwa amebadilika. Alisema kile alichosema kule stesheni alikisema kwa hasira, na kwamba tugawane nusu kwa nusu. Kabla sijajibu, Bi Gulshan akatuita kutoka kwenye kiti chake.

"Sadru, rudisha pochi. Mwache mwenzako. Na yeye apande mwenyewe."

Bwana Sadru akanitazama. Nikamwambia dada yako amesema kweli, rudisha. Nikaenda dirishani nikatoa kadi yangu.

Kwa vyumba viwili vya ile hoteli ya mbao, tiketi mpya za watu watatu hadi Toronto, vichupa vya chumvi nilivyomlipa yule mama wa mgahawa, na chai tatu, ilinitoka dola elfu sita mia nne kumi na nane na senti thelathini na tano.